Sarafu ya Ndege wa Ukingoni

Mtaa mzima ulimwita Kasoro, naye aliitika bila kinyongo. Alikuwa dobi, mwenye chumba cha mbele kilichonuka sabuni na joto la pasi, na jina hilo alilipata kwa mapenzi yake kwa sarafu zilizokosewa kiwandani. Zilizochakaa mikononi mwa watu hakuzitaka. Alizitaka zile zilizozaliwa na kasoro yao: moja iligongwa mara mbili hadi tarakimu zikapandana, nyingine ilitoka na uso mmoja mtupu kama kigae. Alizilaza kwenye kitambaa cha flana ndani ya mkebe wa biskuti. Jioni, binti yake mdogo akishashiba, alimpakata na kumwonyesha moja moja.

"Hapa mashine ilisinzia," alimwambia. Mtoto alicheka na kunyoosha mkono, naye akauzuia kwa upole, kama mtu amzuiaye mwanawe asishike kikombe cha chai ya moto.

Nyingi zilimjia kutoka mifukoni mwa wateja, na alikuwa na utaratibu wake. Kila nguo ilipekuliwa pale mezani, mwenyewe akiangalia. Kilichopatikana alirudishiwa. Ikitokea sarafu yenye kasoro, Kasoro alisema, "Hii ina ila, lakini mimi naipenda. Nikupe nzima ya thamani hiihii?" Mtu akikataa, yameisha. Kuificha hakuwahi, maana mkewe alikuwa hapohapo nyuma yake akikunja mashati, na mama yule hakuwa mtu wa kufumbia macho jambo.

Ndivyo alivyoipata ile ya ndege, kutoka suruali ya dalali wa nyumba. Picha ya ndege ilikuwa imehama hadi ukingoni, mkia umekatika nje, na upande wa pili umebaki mweupe mtupu kama mwezi mpevu.

"Chukua, mwenzangu," dalali alisema. "Hata dukani wameikataa. Yaani wewe unalea vilema vya hela?"

Wateja walicheka, Kasoro akacheka nao, akampa sarafu nzima.

Miezi ikapita. Siku moja akaingia mama mmoja mwenye duka la sarafu za zamani mjini, amekuja kufuata gauni lake. Alipoonyeshwa mkebe alitoa lenzi mkobani, akaitazama ile ya ndege hadi miwani ikamteleza puani. Alitaka kuinunua, na bei aliyotaja ilimfanya mke wa Kasoro asahau shati mkononi. Kasoro alikataa. Aliipenda, basi.

"Sawa, baba. Lakini usije ukaisafisha," yule mama alisema akiondoka. "Ikisuguliwa tu, haina mnunuzi."

Kinyozi wa mlango wa pili alikuwa amesimama kizingitini, wembe mkononi. Kufikia jioni, habari ilikuwa imefika hadi kwa wauza mkaa.

Kesho yake dalali akaja, wateja wamejaa.

"Kasoro, nimefuata sarafu yangu."

"Yako ipi, bosi? Si tulibadilishana hapahapa?"

"Tulibadilishana nini? Umenichomolea mfukoni. Nakuletea suruali, wewe unavuna."

"Mke wangu alikuwepo."

"Mkeo aseme nini, na sufuria yenu ni moja?"

Kasoro alihisi masikio yanawaka. Miaka yote ile alikuwa amerudisha pete za watu, funguo, hata barua za mapenzi ambazo zingevunja nyumba, na hakuna aliyewahi kusikia neno kinywani mwake. Leo anaitwa mwizi, na wale waliocheka siku ile, mke wa seremala akiwa mmoja wao, wameinamisha vichwa kama wanaotafuta sindano sakafuni.

Wiki ile wateja walianza kugeuza mifuko wenyewe kabla ya kumpa nguo. Wengine walipita mlangoni na furushi kichwani, wakielekea kwa dobi wa ng'ambo ya barabara.

"Mpe tu, baba watoto," mkewe alisema. "Tutakula ndege?"

"Nikimpa si nitakuwa nimekiri?"

"Na usipompa tutafua nguo za nani?"

Kasoro aliufuata mkebe. Alimwita dalali, akamwekea sarafu mezani mbele ya watu. "Chukua. Na mimi nipe ile nzima niliyokupa." Dalali alichelewa kidogo, kisha akatoa nyingine mfukoni na kuisukuma.

"Ila usiisafishe," Kasoro alisema.

Dalali alicheka hadi akashika ukuta. "Jamani, dobi ananikataza kusafisha. Unataka niiuze na uchafu, halafu uicheke bei yangu?"

Kwake yeye, nyumba hupakwa rangi kabla mteja hajaletwa. Aliipeleka sarafu kwa fundi wa masufuria, ikasuguliwa kwa dawa na brashi ya waya hadi ikameta, ndipo akaipeleka kwa mama mwenye duka. Yule mama hata lenzi hakuitoa.

Dalali akarudi kwa Kasoro, uso umemshuka. "Ndugu yangu, tufanye kama siku ile. Wewe shika hii, mimi nipe nzima."

Pasi ilisimama hewani. "Kama siku ipi?"

"Ile siku niliyokupa mwenyewe."

"Sema tena. Kinyozi hajasikia."

Kinyozi alikuwa amesikia vizuri sana. Dalali alitazama huku na huku, akaona nyuso zote zimemgeukia. "Nilimpa mwenyewe," alisema chini chini.

Kasoro aliichukua sarafu. Brashi ilikuwa imempitia ndege mwili mzima. Manyoya hayapo, jicho halipo. Aliirudisha mezani. Akamsukumia dalali, kisha akarudi kwenye pasi yake.

Wateja walirudi wiki ileile wakimtania kama kawaida, bila hata mmoja kumwomba radhi. Mke wa seremala aliweka furushi mezani, na kwa mazoea ya siku zile akaanza kugeuza mifuko ya koti la mumewe.

Kasoro alilisukuma furushi lote likamrudia kifuani.

"Shemeji, kama mfuko unakutia wasiwasi, koti lenyewe unaniachiaje? Peleka ng'ambo."

"Mimi sikusema kitu, shemeji."

"Ndiyo. Hukusema kitu."

Mama yule alisimama, mfuko mmoja ukining'inia nje. Mke wa Kasoro alikohoa nyuma. Kasoro hakugeuka, alichukua shati jingine, akalinyunyizia maji, akaanza na kola.