Tunaizunguka dunia sote, ila mume wangu kanikatia tiketi ya nyuma

Admin, naomba unifichie jina, mume wangu anafahamika na wengi walio humu.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, mzaliwa wa Ihanda, naishi Tunduma. Mimi na mume wangu tulianza na mahindi. Yeye alikuwa anazunguka vijijini kununua, mimi nakaa mpakani nawauzia Wazambia, kwa Kibemba changu na Kiingereza cha kuokoteza. Mungu akasaidia, leo tuna malori.

Mwaka jana akaniambia tumezeeka hatujaona kitu, twende tukaizunguke dunia, tena tukae daraja la kwanza. Kumbe kuna mashirika ya ndege yaliyoungana, unakata tiketi moja inakupitisha mabara yote, ila uende upande mmoja tu mpaka urudi ulikotoka. Kazi ya kupanga njia akaniachia mimi. Nilikaa na binti yetu kwenye kompyuta, nikawa nampigia dada wa tiketi Dar mpaka akazoea sauti yangu. Nikichagua mji ananiambia mama, huko ndege zao haziendi, naanza upya. Nikawa napika huku naitaja miji: Istanbul, Bangkok, Tokyo, mpaka Amerika. Malipo alifanya mume wangu, alipokwenda Dar kikazi.

Wiki iliyopita yule dada akapiga kuulizia viti. Akasema baba yuko mbele, mimi kule nyuma ningependa dirishani au pembeni? Nikamwambia amekosea, tuko pamoja. Akasema taratibu, "Mama, baba ndivyo alivyolipia. Alisema unajua."

Nilimsubiri mume wangu amalize kula, nikamuuliza kama pesa imepungua. Akasema pesa ipo.

"Kule mbele wanakaa watu wazito, wanazungumza. Wewe Kiingereza chako ni cha mpakani. Utanitia aibu."

Jamani, Kiingereza hicho ndicho kilichouza mahindi yake. Nilitoa vyombo nikaenda kukaa uani. Ningeambiwa ana mwanamke nje, ningejua pa kuanzia kulia. Hili sijui nilianzie wapi. Miaka yote niliyokaa naye kwenye maharusi na vikao, kumbe alikuwa ananionea aibu?

Binti yangu anasema nisiende. Kaka yake anasema, "Mama, panda tu, dunia utaiona hata ukiwa nyuma."

Kinachonimaliza ni kwamba kanisani ameshatangaza anampeleka mkewe kuzunguka dunia daraja la kwanza. Akina mama wenzangu wananishika mkono, wanasema nimebarikiwa. Jumapili hii tunaitwa madhabahuni kuombewa safari, na ameniagiza nivae kitenge kipya, nishike kipaza sauti, nimshukuru mbele ya waumini.

Ndugu zangu, nikishika hicho kipaza sauti niseme nini? Na hiyo ndege nipande, au nibaki? Nishaurini, ila msinitukane.