Aliyempima Siméon Kiuno

Simu ya hospitali ilimkuta Nsimire akiosha mchele, Alhamisi moja ya Agosti 2021, siku ya pili tangu karantini yake ya korona iishe. Daktari alizungumza polepole, kwa Kiingereza chepesi. Siméon, mumewe, alikuwa amekata roho alfajiri. Nsimire alisema "thank you", akapiga magoti palepale jikoni. Bwana alitoa, na Bwana ametwaa. Lakini kabla hata ya kusema amina, wazo baya likampitia moyoni: Je, Apondi ameshajua? Isije ikawa amejua kabla yangu.

Siméon Bahizire hakuwa mtu wa makuu. Alitoka Bukavu, akapitia kambini Uganda, akafika Fairfield, ughaibuni, na sanduku moja. Alikata kuku kiwandani miaka sita, kisha akasomea kazi ya mlinzi mwenye silaha. Bastola aliichukua kazini asubuhi na kuirudisha jioni. Vilivyolala nyumbani kwao Quakers Hill ni mikanda tu na ala, mifuko ya kuchomekea bastola. Jumapili alikuwa mzee wa kanisa. Jumamosi alikwenda kwenye mashindano ya shabaha, na huko ndiko alikokuwa Apondi, mwanamke Mkenya wa Penrith, mwalimu wa klabu.

"Apondi anasema mkanda wa kazini uwe mgumu kama ubao, la sivyo bastola inavuta suruali na mgongo unauma," Siméon alimwambia mkewe jioni moja.

"Ehe."

"Na ala ya kazini iwe na kufuli la kufungua kwa kidole, mwizi asiichomoe bastola. Ya mashindano itoe haraka. Ila zote zifunike kifyatulio."

"Na bugali wangu je, Apondi anausemaje?"

Siméon alicheka mpaka akakohoa. "Mama Gloire, wivu utakuunguza kama pilipili!"

Mtu huyo aliweza kulinganisha ala mbili jioni nzima, akivaa na kuvua kama mwanamke dukani kwa vitenge. Siku moja Nsimire alikuta karatasi mfukoni mwake: Siméon, 96. Mwandiko wa kike.

"Nani amekupima kiuno?"

"Apondi. Niliagiza mkanda kwa namba ya suruali, ukakataa kufungika. Lazima upimwe juu ya nguo."

"Kwetu, anayempima mume wa mtu kiuno ni fundi wa suti."

"Ni futi ya kushonea, mama, si mikono!"

Kisha, Mei ya mwaka ule, Nsimire akakuta kwenye begi la Siméon mkanda mwembamba, laini, usio na chuma cha kufungia. Mwanamume gani anavaa kitu kama hiki? Hakuuliza. Aliutupa kwenye pipa la kifuniko chekundu asubuhi gari la taka lilipokuwa linakuja. Jumamosi Siméon alirudi mapema. Alisema tu kwamba kuna kitu kimempotea.

Sasa serikali iliruhusu watu kumi tu makaburini. Tisa walikuwa wa damu na wa kanisa. Cécile, dada wa Siméon, alishika kalamu.

"Wa kumi nani, wifi?"

Saa sita Apondi akapiga simu, akaomba nafasi.

"Kwa nini wewe?" Nsimire aliuliza. "Wewe na ule mkanda wako mwembamba uliouacha kwenye begi la mume wangu!"

"Mama Gloire," Apondi alieleza, "ule haukuwa wangu. Mikanda ya mashindano ni miwili. Wa ndani ni laini, unapita kwenye suruali. Wa nje ni mgumu, unanata juu yake. Bila ule wa ndani, ala inacheza, na haturuhusu mtu kupiga shabaha. Jumamosi ile alisimama pembeni, akawashangilia wenzake mpaka alipoondoka."

"Niliutupa mimi."

"Alijua. Aliniambia, 'Mke wangu hapotezi kitu.' Akasema nisikuulize."

Maneno hayo yalimchoma kuliko mkanda wenyewe. Alimwambia huyu. Mimi hakuniambia.

"Muache huyo atazame kwenye Zoom kama wengine," Cécile alisema.

Nsimire aliingia chumbani akaomba, hata hakujua anaomba nini. Alipotoka aliandika jina la Apondi kwa mkono wake. Wivu haukuwa umeisha. Alikuwa amemnyima Siméon siku moja na watu wake; hakuthubutu kumnyima ya pili.

Walimzika Jumanne, saa nne asubuhi. Jeneza halikufunguliwa. Watu kumi walisimama mbalimbali, wamevaa barakoa, na Gloire, binti yao, aliwashikia simu ndugu wa Bukavu waone. Mchungaji alisoma zaburi na kuomba. Apondi, nyuma ya wote, alilia kwa sauti. Nsimire alisikia, ikamuuma, hakugeuka. Jeneza likashushwa. Nsimire alitupa udongo kwanza, kisha Gloire, kisha Cécile, kisha wengine mmoja mmoja, Apondi wa mwisho. Dakika ishirini na tano walizopewa zilipotimia, mfanyakazi wa makaburi aliwaonyesha njia, wakaenda kila mtu kwenye gari lake.