Mkwezi wa Ghorofa ya Nne

Watu wa Tanga wa siku hizi wakikuonyesha ghorofa utadhani wao ndio waliolijenga. Mimi nililijenga. Sikulichora wala sikulilipia, lakini zege la sakafu ya juu kabisa lilipita kichwani mwangu karai baada ya karai, na utosi wangu haujapata nywele za maana tangu siku hizo. Kwa hiyo nikizungumzia jumba lile la tajiri wa mkonge, pale karibu na reli, naomba nisikatizwe.

Lakini jumba lenyewe si neno. Neno langu ni Uweso bin Idarusi, aliyefunga jukwaa lake, zile boriti na kamba tulizokanyaga tukijenga.

Uweso alizaliwa Mtang'ata, kusini ya mji, katika nyumba ya wakwezi. Baba yake alikwea minazi ya watu, na babu yake vivyo hivyo. Huko kwao mkwezi hapandi mnazi kimyakimya kama mwizi. Akifika shinani hupiga ukelele: “Hodi wenyewe! Mkwezi yuapanda!” Wanawake walio uani, huyu anaoga, yule anasukwa nywele, mwingine anaanika mpunga kichwa wazi, hujisitiri au huingia ndani, kisha mmoja wao hujibu, “Panda, macho juu!” Ndipo hupanda. Akiwa juu huangalia makuti na nazi, na mbingu kama ana nafasi. Mkwezi aliyeonekana akitupa macho kwenye ua wa mtu hakupigwa wala hakutozwa kitu. Hakuitwa tena, basi, na wanawe hawakuitwa.

Mjini aliletwa na bei ya mkonge. Miaka ile ya mwanzo ya hamsini mkonge ulipanda mpaka matajiri wakawa hawajui waweke wapi fedha, na walipochoka kujenga kwa upana wakaanza kujenga kwenda juu. Tajiri wetu alitaka ghorofa nne, apite kila nyumba ya mjini. Msimamizi wake, Singasinga mmoja mwenye sauti ya tarumbeta, aligundua kwamba wafunga majukwaa aliokuwa nao wakipita ghorofa ya pili magoti yanacheza. Mtu akamwambia Mtang'ata kuna watu wanaoishi juu. Akaletwa Uweso, mwembamba, miguu peku, umri wake arobaini na kitu. Akapanda boriti iliyosimama peke yake na kitanzi cha kamba miguuni, akakaa juu yake akauliza, “Nifunge wapi?”

Katika mji unaonuka mkonge tangu bandarini hadi Pongwe, yeye alikataa kamba za mkonge. Alifunga kwa usumba, kamba za makumbi ya nazi, na kila fundo alilirudia mwenyewe asubuhi kabla hajamruhusu mtu kukanyaga. Wale wafunga majukwaa wa zamani walimwonea kijicho. “Aliye juu mngoje chini,” walisema wakitema mate. Walingoja sana. Hakuna fundo la Uweso lililofunguka.

Mimi nilikuwa kibarua wa zege. Ernesti, Mbondei wa Muheza, wakati huo na mke na watoto wawili, kwa hiyo siwezi kusingizia utoto kwa haya nitakayoyasema. Sisi na watu wa pwani ni watani, na mtani hana mipaka. Uweso aliniita tumbili wa milimani. Mimi nilimwita popo. Tulipendana sana.

Jengo lilipofika ghorofa ya tatu jambo likatokea ambalo Singasinga hakuliweka kwenye ramani yake. Ukisimama pale juu, Ngamiani yote ilikuwa wazi chini yako ng'ambo ya reli, barabara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na nyua zake zote. Nyumba zetu za Ngamiani zina kuta upande wa njiani lakini kwa juu hazina kitu. Mwenye nyumba alijisitiri na wapita njia, hakujua kama iko siku watu watapita angani. Uweso akasogea ukingoni, akaweka mikono mdomoni, akaupigia mji mzima: “Hodi wenyewe! Wakwezi wapanda!”

Vibarua walicheka mpaka karai moja likaanguka. Singasinga akauliza kama mtu huyu ana wazimu. Lakini kila asubuhi, na kila tuliporudi kutoka kula, Uweso alipiga hodi yake, na baada ya wiki moja tukaanza kusikia sauti za kike kutoka chini, nyembamba kwa umbali: panda, macho juu. Wazee wa msikitini wakamwombea dua. Akatuapisha wote tusitazame. Mimi niliapa huku natazama. Ndivyo nilivyo, macho yangu hayana adabu. Nilijua kuku wa nani kaangua vifaranga, nani kagombana na nani, na nilikuwa nayatangaza jukwaani mpaka Uweso ananiziba mdomo kwa kamba.

Mkewe aliitwa Asmahani, wa Barabara ya Tano. Alimwoa baada ya kuhamia mjini, wote wawili wakiwa wamekwisha kuonja ndoa nyingine, na mimba mbili zikawatoka. Ya tatu ilikaa. Mwaka wa 1953, wa tatu tangu aje mjini, ilikuwa imefika miezi saba, na Uweso akawa mtu wa kuchekesha: kazi ikiisha haagi mtu, anakimbilia sokoni kutafuta maembe mabichi na chumvi. Alimpenda mkewe mbele za watu, jambo ambalo wanaume wa siku zile walilionea haya.

Nilikuwa nakula kwao Ijumaa. Asmahani alinipakulia wali mwingi kuliko mumewe, akasema, “Shemeji Ernesti, mwambie mwenzio anitazame hata siku moja. Mimi namwona kutwa kule juu, kama kunguru. Yeye hanioni.”

“Nikikutazama wewe nitakuwa nimewatazama na wa jirani,” akajibu Uweso. “Huo ukuta wenu ni mmoja.”

“Basi nitakufa sijatazamwa,” akasema Asmahani, na sote tukacheka.

Nikapata utani mpya. Kila siku, kazi ikichosha, nilipaza sauti, “Mtani, mkeo anakupungia!” Shingo ya Uweso haikugeuka hata siku moja. “Mwongo wa Muheza,” alisema, anaendelea kukaza fundo, na vibarua wanapata cha kuchekea.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya kumwaga sakafu ya mwisho. Wenye kazi hii wanajua kwamba zege halingoji mtu. Ukianza umeanza, mpaka umalize. Mtambo wa kuchanganyia zege ulikuwa unanguruma tangu alfajiri. Ngamiani nako kulikuwa na harusi, Barabara ya Kumi na Mbili, ngoma juu, na wanawake wa mitaa yote wamekwenda huko. Asmahani aliachwa nyumbani kwa ajili ya tumbo lake. Haya ya Asmahani tuliyajua baadaye.

Kwenye saa nne nikanyoosha mgongo, nikatazama nisikotakiwa kutazama. Nyuma ya paa moja la bati, Barabara ya Tano au ya Sita, sikushika vizuri, palikuwa na kanga nyekundu kwenye ncha ya ufito mrefu. Inakwenda huku, inakwenda huku.

“Mtani,” nikasema, “kuna mama anapunga kanga kule.”

Vibarua wakacheka kabla sijamaliza.

“Leo umechelewa kuanza,” akasema Uweso bila kuinua kichwa.

“Si utani. Anapunga kweli. Hebu tazama.”

Hapo akakasirika. Sikuwahi kumwona amekasirika. “Ernesti, mke wa mtu yu uani mwake, wewe wamtazama, haikutoshi, wanitaka na mie nimtazame? Mara ya mwisho hii. Ukirudia nitamwambia Singasinga akushushe ukachekeche mchanga.”

Mbele ya watu ishirini. Mimi hasira zangu ziko karibu, na baya zaidi, zikija huwa nanuna. Ningeweza kushuka. Ngazi za mbao, ghorofa nne, kisha reli, kisha barabara tano. Kwa miguu yangu ya wakati ule si safari. Ningeweza hata kusema neno moja zaidi. Badala yake nikasema moyoni, potelea mbali, kama nyumba yao inaungua na iungue. Nikainama nikapokea karai lililofuata.

Alasiri akaja Mwamvua, jirani yao, anakimbia juu ya reli kichwa wazi, amevaa nguo zake za kwendea harusini. Alipofika chini ya jengo pumzi zilimwishia. Aliweza kusema “Uweso, shuka” tu. Uweso hakutumia ngazi. Aliteleza kwenye boriti za jukwaa lake, fundo kwa fundo, na mimi nikamfuata kwa ngazi, na zege lote la karai langu likanimwagikia.

Asmahani alikuwa uani karibu na kisima, amelala ubavu. Damu ilikuwa imekwisha kukauka pembeni. Bi Kijakazi mkunga alikuwa amepiga magoti pale, akanyanyua uso akatikisa kichwa, na hatukuuliza habari za mtoto. Mlango wa mbele ulikutwa na komeo kwa ndani, ukavunjwa; mwenyewe hakuwa na nguvu ya kuufikia, na sauti yake isingeshinda ngoma na mtambo. Ukutani uliegemea upondo, ule ufito mrefu wa kuanulia nguo, na kwenye ncha yake kanga nyekundu, imefungwa fundo.

Wanawake hawakuelewa ule upondo. Mmoja alianza kuifungua ile kanga apate kumfunika nayo, huku anauliza ni nani kaifunga huku juu na kwa nini. Uweso aliutazama upondo. Kisha akageuka, akainua uso, na juu ya ukuta wa ua wake likasimama jumba letu lote, jukwaa, boriti, na vibarua wadogo kama siafu wakimalizia kona. Kisha akanitazama mimi.

Ningependa angenipiga. Ningependa mpaka leo.

Hakupanda tena. Jukwaa lilifunguliwa na wale wale waliomngoja chini, wakalalamika kwamba mafundo yake hayafunguki, wakayakata kwa panga. Tajiri alifungua jumba lake kwa biriani na bendera, na watu walitoka hata Horohoro kuja kupanda ngazi na kutazama Ngamiani kwa juu, wanaonyeshana nyua za watu kwa vidole. Hakuna aliyepiga hodi. Uweso alikuwa amekwisha kurudi Mtang'ata.

Mimi nilimkwepa miaka mitano. Nilisema ni kazi, kisha nikasema ni homa, kisha sikusema tena kwa sababu hakuna aliyeniuliza. Mwaka wa 1958 nikaazima baiskeli nikaenda.

Nilimkuta ufukweni maji yamekupwa, katikati ya wanawake, magoti kwenye tope. Alikuwa anafukua makumbi yaliyoozeshwa na kuyaponda kwa rungu kutoa usumba. Hiyo ni kazi ya wanawake tangu dunia iumbwe, lakini hakuna mwanamke pale aliyemcheka. Walimwachia nafasi yake kama mwenzao. Alikuwa amezeeka kuliko miaka yake.

“Shikamoo, mtani,” nikasema.

“Marahaba, tumbili,” akasema.

Tukakaa kwenye mchanga mkavu. Aliuliza habari za watoto wangu, za Singasinga, akauliza kama limejengwa jingine la kulipita lile. Nikamwambia bado. Akaitikia kwa kichwa. Kisha akachukua kipande cha kumbi, akawa anakichambua uzi mmoja mmoja.

“Ernesti, siku ile,” akasema. “Wewe ulimwona. Mie nataka neno moja tu, nami naliogopa miaka yote hii. Alipunga muda gani?”

Wanawake walikuwa wanaponda. Nilitazama mikono yake.

“Kidogo tu,” nikamwambia. “Mara moja, mara mbili, akashusha. Nilidhani anafukuza kunguru.”

“Hakungoja?”

“Hakungoja.”

Alifumba macho. “Alhamdulillahi,” akasema, na akarudia tena, na machozi yakamshuka usoni waziwazi, mtu mzima, mbele ya wanawake wote wale. Kisha akanishika mkono akanishukuru. Alinishukuru mimi. Mwaka uliofuata akafa, na wanasema alikufa kwa utulivu.

Mimi ni Mkristo. Nimemwungamia padri mambo mengi, mengine ya aibu kubwa, lakini hili nimelipita kila mara, kwa sababu najua ataniambia nitubie uongo, na mimi uongo ule siutubii. Ninachotaka kukitubia ni kingine. Baada ya yale maneno ya Uweso, tulipoanza kumwaga zege upande wa bahari, Asmahani alikuwa anapunga. Tulihamia katikati, alikuwa anapunga. Tulipofika upande wa reli, baada ya saa nzima na ushei, ile kanga ilikuwa bado inanyanyuka, polepole sasa, inalala ukutani, inanyanyuka tena. Nilihesabu kila mara iliponyanyuka, kwa sababu nilikuwa nimenuna na sikuwa na wa kuzungumza naye.