Bata Bukini Kwenye Kiti cha Ofisa

Siku yangu ya kwanza kazini niligonga mlango wa karakana ya kanda za video, chini kabisa ya jumba la makumbusho hapa Stockholm, nikamwamkia mkuu wangu kwa cheo chake chote. Akacheka. "Niite Ingrid. Hapa hata mkurugenzi tunamwita kwa jina lake." Ilinichukua muda kuzoea. Kwetu Bujumbura, fundi redio aliyemwita bosi wake kwa jina tupu alikuwa anaaga kazi.

Kazi yetu ilikuwa kuokoa kanda za wasanii waliopata kamera za kwanza za video za kubebeka, wakaanza kuchezea kila kitu. Kuna aliyemsomea ng'ombe utabiri wa hali ya hewa, na kuna aliyemwachia kuku kinanda. Kuuliza si ujinga, nikamuuliza Ingrid kama hiyo nayo ni sanaa.

"Umecheka?"

"Nimecheka."

"Basi endelea kutazama."

Nikaendelea, miaka na miaka. Udadisi ni ugonjwa wangu tangu utotoni, na mshahara juu yake!

Kanda ya zamani huugua. Gundi inayoshikilia unga wa sumaku kwenye utepe hunyonya unyevu, ikanata kama uji uliomwagika mezani. Ukiitia mashineni hivyo hivyo, unga unabanduka na picha inakwenda nao. Kwa hiyo tuliikausha kwanza kwenye tanuri la moto mdogo, kisha tukaicheza mara moja tu, huku tukinakili. Nakala hiyo ya kwanza tuliiita mbichi, na haiguswi. Inayosafishwa ni ya pili.

Karibu na kustaafu kwangu ikaletwa kanda ya Solveig, msanii mzee wa Spånga ambaye macho yalikuwa yamemwishia. Humo ni kijana, amevaa kama ofisa wa uhamiaji, anamhoji bata bukini wake aitwaye Gullan. "Umetoka wapi? Una ndugu hapa? Unakusudia kukaa muda gani?" Gullan anatafuna karatasi za serikali. Nilicheka hadi machozi, maana kiti cha muulizwaji nimekikalia mwenyewe, na mimi sikuthubutu hata kukohoa.

Solveig hakuwahi kuiona. Mashine ilikuwa ya kuazima, ikarudishwa, kanda ikalala darini.

"Nilitoka kuchukua karatasi nyingine," alituambia, "nikaacha mlango wazi na kamera inarekodi. Niliporudi utepe umekwisha, na Gullan nikamkuta kwenye ngazi. Miaka yote nimefikiri alinichoka akaondoka. Nataka kujua kabla sijafa."

Ingrid akamchezea nakala safi. Solveig akasikiliza, kichwa ameinamisha. Maswali yakapita, vishindo vya viatu vyake vikatoka mlangoni, kisha kimya.

Akanywea. "Basi ni kweli. Aliondoka."

"Hapana," nikasema. "Yupo, namwona!"

Ingrid akajishika kichwa. Programu ya kusafisha sauti hufuta mikwaruzo ya utepe, na ilikuwa imefuta pia nyayo za bata. Sote wawili tulikuwa tumeisikiliza nakala ile tukaisifu kwa usafi wake.

Tukaweka ile mbichi. Nyayo zikasikika: pata, pata, pata. Solveig akanishika mkono. "Nieleze."

"Anaizunguka meza. Anapanda kiti chako. Amekaa."

"Na sasa?"

"Anatazama mlango."

"Na sasa?"

"Bado anatazama mlango."

Tukaenda hivyo mpaka utepe ukaisha, na Gullan hakuwa ameshuka. Solveig akacheka, kisha akalia waziwazi. "Na mimi nilikuwa nimesimama kwa jirani," akasema, "napiga soga."

Sasa nimestaafu, nakaa Fittja, na magoti yananiuma kwenye ngazi za treni. Ukitaka kuingia kazi hii, mwanangu, nakuomba usiwe na haraka ya kufuta kinachosikika kama uchafu. Mengine utajifunza.

Makumbusho wanaionyesha kanda ile kwa sauti yake mbichi. Mimi huwapeleka wajukuu zangu. Kwenye maswali wanacheka, lakini Gullan akibaki peke yake wanaanza kuvuta makoti yao.

"Babu," wananiambia kwa Kiswidi, "hakuna kinachotokea."

Nami huwajibu kwa Kiswahili, "Tulieni. Anamngoja mtu."