Sakafu ya Mamangu na Nguzo za Athmani

La, si uzee. Mguu huu naukokota tangu ujana wangu, na ulivunjwa na gari lililoniangukia ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Basi kaeni, kahawa ipo, niwaeleze, asije mwingine akafanya ukaidi nilioufanya mimi.

Twakaa Bondeni, na nyuma ya nyumba pana banda kubwa, gari laingia. Nyumba nzima yanukia udi na girisi. Udi wangu, girisi ya mume wangu Athmani, fundi wa magari. Na mimi nilikuwa mwepesi, wanangu. Hujitanda buibui nikaenda Mji wa Kale nikarudi, chai haijapoa.

Sakafu ya banda lile ilikuwa ya chokaa. Aliipiga mamangu na mashoga zake nilipokuwa naolewa. Siku tatu wamechutama na vijiti mkononi, mama yuaimba, wenziwe waitikia, mpaka chokaa ikang'aa kama sahani. Ngoma ya harusi yangu ilichezewa pale. Mpaka leo nikifumba macho navisikia vile vijiti.

Vita vya Wazungu vilipokwisha, kambini kwa askari walitupa vyuma vingi. Athmani akaviokota, akaunda mashine ya kuinulia gari: nguzo mbili, minyororo, na mkono wa kuzungusha. Nguzo zatakiwa zifungwe chini kwa bolti. Akaja na tindo na nyundo, nikamzibia mlango.

"Ukitoboa sakafu ya mamangu, nitoboe na mimi."

Athmani naye, sauti yake kama mtu aombaye sukari kwa jirani: "Haya, mke wangu. Haya." Akazishindilia kwa magunia ya mchanga.

Bwana Kasamali, jirani yetu Mhindi muuza nguo, alipoleta gari lake aliinama, akasukuma miwani juu. "Fundi, hii nasimama kwa mchanga tu? Gari yangu hapana kuku, bwana." Nilimcheka mpaka nikapaliwa.

Asubuhi moja gari liko juu, naingia na uji wa Athmani. Nguzo moja ikateleza juu ya chokaa ile ile niliyokuwa nikiisugua kila siku ing'ae, gari likaniangukia. Kwanza nilisikia moto wa uji tu. Kisha nikatazama chini, nikaona mfupa wa muundi umetokeza, mweupe kama jino. Athmani yuko upande wa pili, mzima.

Hospitali kidonda kikaoza. Kikinuka hata mwenyewe naziba pua. Daktari Mzungu, asema kama ana kokwa mdomoni: "Mama, mguu baya sana. Mimi taka kata." Nikamwambia aanze na ulimi wangu, ndio wenye makosa. Akacheka, akaningojea wiki. Nikapigwa sindano za dawa mpya mchana na usiku, matako yakawa chujio. Usaha ukakauka. Miezi mitano niko kwenye plasta mpaka kiunoni, najikuna kwa ujiti.

Namshukuru Mungu, na daktari yule, na Athmani aliyenibeba chooni asikunje uso hata siku moja. Wewe uliyevunjika, tembea, hata kama watembea upande kama kaa. Na mwenye mashine nyumbani, aifunge chini, hata sakafu iwe ya nani.

Lakini msidhani nilierevuka upesi. Nimerudi nyumbani na gongo, na bado nakataa. Athmani akishika tindo, nalia. Magari yakaanza kwenda kwa mafundi wengine. Mwisho akaenda kumwita mama, nami nikafurahi moyoni, nikajua amejiletea mwenyewe wa kumshinda.

Mama akaingia bandani, akavua viatu. Akaipapasa sakafu yake kwa unyayo, polepole, mpaka pale ilipopasuka gari lilipoanguka. Kisha akanitazama mimi na gongo langu.

"Niliipiga hii upate pa kusimama. Sasa wewe wasimama? Athmani, toboa."