Kitambaa Kinachotoa Rangi

Jumanne, kwenye duka la vitambaa ninakoshonea hapa Koboko, mji wa mpakani, hajati mmoja alilowesha kidole akasugua kitambaa alichomchagulia mjukuu wake anayeolewa Ijumaa. Kidole kikawa bluu. Akamwonyesha muuzaji, mama wa Kinigeria aliyeolewa mjini kwetu.

"Mwanangu, hii iko natoa rangi. Unataka bibi arusi achafue bwana yake?"

"Hajati, ya kiwanda ndiyo haitoi. Hii mama yangu alichovya kwenye rangi na mikono, kule Abeokuta. Ufue mara mbili na chumvi, itatulia."

"Abeokuta iko nini?"

"Mji wetu. Maana yake chini ya mwamba. Watu walikimbia vita, wakajificha pale. Baadaye wanawake wakachovya vitambaa, wakauza, mji ukakua."

Hajati alikunja na kukunjua ncha ya kitambaa.

"Sisi pia tulikimbia vita, mpaka Kongo," akasema. "Kata yadi tano. Bwana akichafuka, atajua ameoa."

Niliacha shule kabla ya kumaliza jiografia. Mwalimu alitufundisha kwamba miji hukuzwa na bandari, reli na madini. Wanawake wenye vidole vya bluu, labda walikuwa kwenye sura ambayo sikuifikia.