Mbwa wa Kimbunga

Mtaa mzima ulimwita Wembe, ingawa hakuwa mkali hata chembe. Alikuwa kinyozi mnene kiasi, mcheshi, mwenye mkono usiotetemeka. Angeweza kumchonga mtu ndevu huku akicheka kicheko cha tumboni, na mstari ukatoka umenyooka kama uzi wa mwashi. Kazi alifundishwa na mjomba wake aliyemlea, naye alimfundisha kwa maputo. Puto lilipakwa sabuni, Wembe akaambiwa alinyoe. Likipasuka, mjomba alipuliza jingine na kusema, "Pasua tu, mwanangu. Afadhali puto, kichwa cha mtu hakina spea." Siku aliponyoa puto la kwanza bila kulipasua alitembea nalo njiani ili watu walione, na tangu hapo hakuacha kujivuna. Alijivunia duka lake, vioo vyake, mke wake muuguzi, na zaidi ya yote watoto wake wawili.

Mkubwa alikuwa msichana anayekaribia kumaliza shule ya msingi. Walimwita Hakimu, kwa sababu tangu mdogo hakukubali neno la mtu mmoja mpaka asikie na la mwenzake. Mdogo alikuwa wa kiume, umri wake hata shule hajaanza, na jina lake la nyumbani lilikuwa Kimbunga. Hilo halikuhitaji maelezo. Ukisikia kitu kimeanguka chumba cha pili, uliita jina lake kwanza, ndipo ukaenda kutazama.

Watoto hao wawili hawakupatana kwa mengi, lakini walipatana kwa jambo moja: walitaka mbwa. Walimwomba baba yao asubuhi, wakamwomba jioni, mpaka masikio yakamchoka. Mwishowe mama yao akakubali kwa sharti.

"Awe mdogo," alisema. "Nyumba yenyewe hii, tukipiga chafya kwa pamoja dirisha linafunguka."

Wembe akalipeleka jambo dukani, na hapo ndipo alipokosea, maana duka la kinyozi ni bunge lisilo na spika. Dereva wa lori, ambaye hakuwahi kufuga hata kuku, alisema hakuna mbwa kama chiwawa. "Anaenea mfukoni! Na hali kitu!" Mwalimu mstaafu aliyekuwa kitini alitoa kichwa chini ya mashine na kusema terria ndiye mbwa, akifika huyo panya wanahama mtaa wenyewe kwa hiari yao. Mwingine akamtetea yule mrefu wa miguu mifupi wanayemwita soseji. Zikazuka kelele.

Wembe aliwaacha wabishane, kisha akakata shauri. "Mimi namleta yule mdogo mweupe, mwenye manyoya marefu ya hariri mpaka chini. Nywele ndilo shamba langu, jamani. Mbwa wangu atapita mtaani muulizane nani kamchana. Jumamosi mtamwona."

Jumamosi ikafika. Ng'ambo ya reli aliishi mama mmoja wa makamo, mwembamba, msemaji wa maneno machache, aliyefuga mbwa wadogo nyuma ya nyumba yake. Ua wake wa saruji ulikuwa umedekiwa, na blanketi ndogo ndogo zilianikwa kwenye kamba. Familia nzima ilikwenda imevaa nguo za kutokea, kama watu wanaokwenda kuposa.

Yule mama aliwakaribisha, akafungua mlango wa banda, akakaa pembeni akitazama. Ajabu ni kwamba hakuwatazama mbwa wake, aliwatazama watoto.

Kimbunga hakungoja kuambiwa. Alimwona yule mweupe, akamshika mkia, akavuta. Mbwa akalia na kuonyesha meno. Kimbunga akamwacha, akamkimbiza terria, naye terria akadhani ni mchezo. Wakazunguka ua kama pia, mabakuli ya maji yakaruka huku na huku. Kabla mama yake hajamfikia, alikuwa amembeba chiwawa kwa shingo, juu juu, akipiga kelele za furaha. Yule mfugaji alikuwa wima kabla ya wote. Alimchukua mbwa mkononi mwa mtoto taratibu, bila kumkemea, akamkumbatia. Mbwa alitetemeka mwili mzima.

"Sasa, Mama," alisema Wembe akifuta jasho na kujichekesha, "sisi tumempenda yule mweupe."

"Baba, karibuni sana," alijibu yule mama. "Lakini leo sina mbwa wa kuwapa."

Wembe alidhani hakusikia vizuri. "Si hawa hapa?"

"Ninao. Wa kuwapa ndiye sina. Huyu niliyempakata, mtoto akianguka naye, mfupa unavunjika kama kijiti cha kiberiti. Yule mweupe akivutwa mkia kila siku, ipo siku atauma. Mtamrudisha hapa mkisema nimewauzia mbwa mbaya, na mtoto atakuwa na kovu."

"Mama, mtoto ni mtoto!"

"Na mbwa ni mbwa, baba. Simlaumu mtoto wako. Hajui tu. Siku akijua, njooni, mlango ni huu huu."

Njiani kurudi Wembe alitangulia mbele peke yake. Alivimba kama andazi. Kukataliwa yeye, mbele ya mkewe, kwa sababu ya mwanawe! Na Jumatatu dukani walikuwa wanamngoja. "Mbwa yuko wapi?" aliuliza dereva wa lori kabla hajakaa. Wembe alisema bado ananyonya. Kesho yake akasikia habari za kijana mmoja anayeuza mbwa sokoni kutoka kwenye buti la gari, haulizi mtu swali, akaazimia kwenda.

Hakimu alimkuta akivaa viatu.

"Baba, usiende."

"Kwa nini? Yule mama katutukana."

"Hakututukana. Alisema Kimbunga hajui. Hakusema hawezi."

Wembe alibaki na kiatu kimoja mkononi.

"Wewe si ulijifunza kwa maputo?" binti aliendelea. "Naye apewe puto lake. Nipe sponji ya kile kiti cha zamani ulichokitupa stoo."

Sponji ilitolewa. Mama yao, aliyezoea kushona watu, hakushindwa kushona mto. Aliikata, akaifunika kwa kitambaa cha kahawia, akaitia masikio marefu ya taulo kuukuu na miguu minne isiyolingana. Hakimu akamwita Sponji, akamweka sebuleni, akamwambia mdogo wake, "Huyu ndiye mbwa wetu. Hawezi kusema, kwa hiyo mimi nitamsemea."

Na akamsemea kweli. Kimbunga akimwinua Sponji kwa sikio, sauti ilitoka nyuma ya mlango: "Naumia!" Akimrukia amelala: "Nani kaniamsha?" Alimfundisha kwamba mbwa anayekula haguswi. Alimfundisha kuwa kabla hujampakata mbwa mdogo sharti kwanza wewe mwenyewe ukae sakafuni, na kwamba ukitaka kumkuna unaanzia kifuani anakoona mkono wako ukija, si kichwani. Mwanzoni ilikuwa vita. Sponji alipoteza mguu wiki ya kwanza, mama akamshona. Akapoteza sikio, mama akamshona tena, akasema wagonjwa wake wa hospitali wanapona haraka kuliko huyu.

Siku moja Kimbunga alikuwa anakimbia, akamkanyaga Sponji tumboni. Hakimu hakuwepo kumsemea, alikuwa shuleni. Wembe alikuwa mlangoni baina ya duka na nyumba, kichana mkononi, mteja akimngoja. Alimwona mwanawe akisimama ghafla. Akarudi. Akakaa chini, akamweka Sponji mapajani, akamkuna kifuani. "Pole," alisema. "Sikukuona. Nitatembea."

Dereva wa lori, aliyekuwa kitini na shuka shingoni, alichungulia, akaangua kicheko. "Mtoto anaomba msamaha kwa mto!"

Zamani Wembe angecheka naye. Siku hiyo alirudi kitini, akachukua mashine. "Cheka umalize kabisa," alisema. "Ukitikisika hivi nitakutoa sikio, na mke wangu leo yuko zamu."

Usiku wa siku hiyo, wakila, alimwuliza Hakimu kama bado wanamtaka yule mweupe.

"Ni mzuri, Baba, lakini wewe unamtaka kwa ajili ya nywele. Yule anachanwa kila siku, la sivyo manyoya yanafungamana mpaka anaumia. Wewe ukishafunga duka, kweli unataka kuona nywele tena?"

Mama yao alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Wembe alisogeza sahani, akajaribu tena.

"Terria je? Mwalimu anamsifu."

"Yeye anataka kukimbia kutwa. Ua wetu akiruka mara mbili umekwisha. Na Kimbunga akichangamka, yeye anazidisha. Tutakuwa na vimbunga viwili." Hakimu alikuwa amefikiri kila kitu. Soseji mgongo wake mrefu ukimbeba vibaya unaharibika, na Kimbunga bado anasahau. Chiwawa amngoje Kimbunga akue. "Lakini kulikuwa na mwingine, Baba. Spanieli mdogo, mweupe mwenye mabaka ya kahawia, masikio yanamning'inia. Kimbunga alipopiga kelele wenzake wote walikimbia au walibweka. Yeye alisogea akasimama karibu na mguu wa yule mama mfugaji, akawa anatazama tu. Hukumwona?"

Wembe hakumwona. Alikuwa anatazama hariri.

Mvua zilipokwisha walirudi ng'ambo ya reli. Safari hii Wembe alitembea nyuma ya watoto wake. Aliogopa kuliko siku aliyomnyoa bwana harusi wake wa kwanza. Mfugaji aliwatambua, akaitikia salamu, akafungua banda, akakaa pembeni kama siku ile.

Kimbunga alitembea mpaka katikati ya ua, akaketi kwenye saruji, akaweka viganja juu ya magoti. Mbwa wakatoka mbio. Terria alimrukia begani, akazunguka, akamrukia tena. Yule mweupe alikuja kumnusa vidole vya miguu. Kimbunga alijiuma mdomo, nyayo zikimcheza kwa hamu, lakini mikono haikutoka magotini. Mke wa Wembe alikuwa amemshika mumewe mkono wa shati.

Spanieli alisimama mbali. Alimtazama mtoto, na mtoto akamtazama.

"Sikuiti," Kimbunga alimwambia kwa sauti ndogo ambayo baba yake hakujua kama anayo. "Ukitaka, njoo."

Mbwa alifikiri. Kisha alikuja polepole, masikio yakimpiga mashavuni, akazunguka upande mmoja, akaweka kidevu juu ya goti la Kimbunga. Ndipo mkono mmoja ukatoka, ukaenda kifuani, ukakuna. Kimbunga aligeuza kichwa kumtafuta dada yake, uso wote ukiuliza, Nimefanya sawa?

Yule mfugaji alisimama pale pembeni. "Nani kamfundisha?" aliuliza.

Wembe, mtu aliyekuwa na jibu kwa kila mteja tangu alipoanza kazi, safari hii hakujisifu. Akanyoosha kidole tu. Hakimu alikuwa amejificha nyuma ya mama yake.

"Njoo hapa, mjukuu wangu," alisema mfugaji. "Umechagua yupi, na kwa nini?"

Hakimu alisogea, akamweleza kama alivyoeleza mezani, mmoja baada ya mwingine, bila kumsema mbwa yeyote vibaya. Mfugaji alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali, akajibiwa. Kisha akaenda mwenyewe kwenye kamba, akaanua blanketi moja, akampa. "Hili ndilo analolalia. Liweke kwake, atalala bila kulia." Na walipokuwa langoni akaongeza, "Jumamosi ukiwa na nafasi, na wazazi wakikubali, njoo. Watu wanakuja hapa na watoto, mimi sijui kusema nao. Naona wewe unajua."

Wakati wa kurudi Kimbunga alitembea pembeni ya mbwa, hakukimbia hata mara moja. Wembe alipitisha familia yake njia ndefu, ile inayopita sokoni na mbele ya maduka yote, ijapokuwa ya mkato ilikuwepo. Mkewe alijua kwa nini, akatabasamu.

Jumatatu duka lilijaa. Spanieli alilala chini ya benchi, na Kimbunga alikaa karibu naye akiwazuia wateja. "Amelala. Usimguse. Ngoja aje." Watu wazima wenye ndevu zao walirudisha mikono nyuma.

"Si ulituahidi mweupe wa hariri?" dereva wa lori alichokoza.

"Nilizidiwa hoja nyumbani," Wembe alisema, na akalisema kama mtu anayetangaza ushindi.

Mwalimu mstaafu alimtazama mbwa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Mbwa mpole kweli. Umemfunza vizuri sana, Wembe."

"Mbwa alikuja hivi hivi, Mwalimu," alijibu Wembe. Akaelekeza kichana kwa mwanawe. "Aliyefunzwa ni huyu." Kisha akaelekeza mlangoni, ambako Hakimu alikuwa anaingia na begi la shule mgongoni. "Na mwalimu wake ndiye yule. Mpisheni apite."